Mama wa Nyumba Mbili

Shenaz alipoingia uani Pasiansi siku ile, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Ua ulikuwa wa udongo, umetapakaa magamba ya samaki, lakini alivua, akavipanga kando ya ndala za wenyeji, akaja peku mpaka kwenye mkeka alipokuwa amekaa Wilhelmina, mama yake Evelina. Akapiga goti kwa shida kwa sababu ya tumbo.

"Shikamoo, Mamina. Mwangaluka."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wanone," alijibu Wilhelmina, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, na uso wake wote ukafunguka.

Evelina alikuwa jikoni, yaani chini ya bati lililoegemezwa ukutani, akikaanga sato wa kuuza jioni. Naye alikuwa na tumbo, tena limeshuka. Aliuona ule uso wa mama yake ukifunguka, akatafuta katika kumbukumbu zake zote siku ambayo uso huo ulifunguka hivyo kwa ajili yake, asiipate. Akamgeuza samaki kabla upande wa kwanza haujaiva. Samaki akameguka karaini.

Wilhelmina alikuwa yaya katika nyumba ya Wahindi mjini tangu Evelina hajaanza kutembea. Baba yake Shenaz alikuwa na duka la vitambaa, familia ikiishi ghorofani juu ya duka hilohilo. Mkewe alifariki akamwachia mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kusema, na mtoto huyo, aliposhindwa kulitamka jina la Wilhelmina, akalikata akalifanya Mamina. Evelina aliachwa Usagara kwa bibi yake. Mwisho wa mwezi mama alikuja na sukari, sabuni, na magauni yaliyokwisha kumbana Shenaz. Magauni yale yalikuwa mazuri, yamefuliwa na kupigwa pasi, na yalikuwa na harufu ya nyumba nyingine. Watoto wa Usagara walimwita Evelina Mhindi Mweusi. Alipofika darasa la tano bibi akaugua miguu, Evelina akaacha shule amtazame, na mama akaendelea kumtazama Shenaz.

Shenaz alipoolewa na Farouk, ndipo Wilhelmina alipotoka mjini akaja kukaa kwa binti yake. Evelina alikuwa ameshaolewa na Revocatus, fundi wa mitumbwi pale mwaloni, samaki wanakoshushwa. Kwa mara ya kwanza maishani alilala akisikia mama yake anakohoa chumba cha pili. Hakumwambia mtu jinsi alivyokuwa akikisubiri kile kikohozi.

Sasa Shenaz alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anakula ugali na dagaa kwa mkono, anafinya tonge na kuchovya kama aliyezaliwa Misungwi. Evelina alitamani akosee kidogo tu. Amwage mchuzi, amung'unye, aombe kijiko. Hakukosea.

"Mamina, nimekuja kuomba," Shenaz alisema alipomaliza kunawa. "Nikijifungua, nani atanikanda? Shangazi anasema atatafuta mtu wa kulipwa. Mimi sitaki mtu. Nakutaka wewe."

Wilhelmina aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mipana, na mtaani kwao ilikuwa na sifa. Mzazi aliyekandwa naye kwa maji ya moto siku arobaini alitoka ndani anang'aa, mgongo umerudi mahali pake.

"Na Evelina je?" Odeta alidakia. Odeta alikuwa mpangaji mwenzao, chumba cha mbele, na hakuna mazungumzo ya uani yaliyompita. "Naye yuko mlangoni, huyo hapo. Wilhelmina una binti wawili na mikono miwili. Utamkanda kila mtu kwa mkono mmoja?"

Wakacheka. Shenaz alicheka kuliko wote.

"Nitaanza na atakayetangulia," Wilhelmina alisema.

"Basi hayo ni mashindano," Odeta akasema. "Evelina, acha samaki, anza kukimbia."

Evelina alitabasamu kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama. Alikuwa mtu wa aibu. Mbele za watu sauti yake ilibaki tumboni. Lakini neno la Odeta lilimkaa.

Kabla hajaondoka Shenaz alikuja chini ya lile bati, akasimama kwenye moshi bila kukunja uso.

"Dada, usininunie. Mimi nakuelewa."

"Sijanuna."

"Umenuna. Na mimi nakuelewa kabisa. Unajua sokoni bado wananiambia nirudi kwetu? Nimezaliwa hapahapa Mwanza, baba yangu kazaliwa hapa, mtu ananiuliza kwetu wapi. Najua uchungu wa kuwekwa pembeni. Na tumelelewa na mikono ileile, mimi na wewe. Sisi ni kitu kimoja."

Evelina alitia samaki mwingine. Mafuta yakalia. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, na halikuwa na mahali pa kuanzia. Moyoni alisema, wewe ulilelewa, mimi nililetewa. Mdomoni alisema, "Haya, dada. Safari njema."

Tangu siku hiyo Evelina alianza mbio zake. Alijitwisha ndoo za maji kupandisha mlima wa mawe nyuma ya nyumba, wakati bomba lilikuwa uani. Alifagia mpaka mbele ya milango ya majirani. Alipiga deki kwa kuchuchumaa.

"Mke wangu, huyo mtoto hafukuzwi," Revocatus alimwambia. "Si kuku wa jirani."

"Wakunga wanasema mazoezi mazuri."

"Wamesema utembee. Hawajasema uhamishe ziwa."

Alipanda mlima akiwa na picha moja kichwani: yeye amelala kifudifudi, mama amemwinamia. Hakuna mtu aliyewahi kumwogesha Evelina ila bibi, na bibi alikuwa na haraka. Zile siku arobaini alikuwa anazidai tangu utoto, ingawa hakuwa na jina la kuziita.

Shenaz akatangulia. Wala hakungoja uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, hospitali wakampangia siku, akaingia na begi lake, akatoka na mtoto wa kiume. Evelina alipopewa habari alimwona kama mtu aliyepita mbele ya foleni mchana kweupe, na kila mtu akampongeza. Wilhelmina alifunga khanga zake na chupa ya samli, akamwambia binti yake, "Ukisikia dalili yoyote, piga simu. Nitakuja mbio."

"Haya, mama."

"Hujakasirika?"

"Hapana, mama."

Akaondoka. Usiku ule chumba cha pili kilikuwa kimya.

Evelina alivumilia wiki ya kwanza. Katika wiki ya pili alikaanga sato mkubwa, akamfunga kwenye gazeti na kumtia kapuni, akamwambia Revocatus kwamba anampelekea mama kitoweo.

"Na hilo tumbo?"

"Linakwenda na mimi. Nitaliacha wapi?"

Ukweli ni kwamba alitaka kuona. Alitaka kuona mama yake anavyofanya kwa mwingine, kama mtu anavyobonyeza jino bovu kwa ulimi. Alizipanda ngazi za jengo lile la duka la vitambaa, ambako Shenaz alikuwa amerudi kukandwa, polepole, akishika ukuta. Ingawa mama alikaa humo karibu maisha yake yote ya utu uzima, Evelina alikuwa hajawahi kufika juu. Alipokuwa mdogo na kuletwa mjini, alingojea chini, dukani, kwenye jora la kitambaa, mpaka mama ashuke.

Shangazi yake Shenaz alimfungulia. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani, ndiye aliyeiendesha nyumba tangu wifi yake afariki. Alisema karibu, akampeleka chumbani kwa mzazi.

Chumba kilijaa mvuke. Shenaz alikuwa amelala ubavu, mgongo wazi, na Wilhelmina amepiga magoti kando ya kitanda. Kwa kuwa Shenaz alipasuliwa, tumbo halikuguswa; alikandwa mgongo, kiuno na miguu. Wilhelmina alichovya taulo kwenye beseni, akalikamua mikono ikiwa myekundu viganjani, akalibandika kiunoni na kulikandamiza kwa uzito wake wote. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, wimbo wa Kisukuma wa kubembelezea watoto. Evelina hakuujua. Hakuwahi kuimbiwa.

"Uuwi, Mamina, unaniunguza."

"Tulia, ng'wanone. Baridi ikibaki humu utaijutia uzeeni."

Evelina alisimama mlangoni na kapu lake.

"Evelina!" Shenaz alimwona. "Dada, njoo, kaa hapa kitandani. Mtoto kalala na Farouk chumba cha pili. Shangazi, chai tafadhali, dada yangu amefika."

Shangazi akaja na sinia. Kulikuwa na vikombe viwili vya udongo vyenye maua, kimoja cha Shenaz na kimoja chake mwenyewe. Cha tatu kilikuwa cha bati, cha buluu, rangi imebanduka ukingoni pakaonekana weusi. Hicho alimpa Evelina. Chai ilikuwa tamu, ya maziwa matupu na iliki. Evelina akanywa. Alikuwa na kiu ya ngazi.

Mama yake, bado amepiga magoti, akainama kama anayetafuta sabuni, akamnong'oneza, "Kunywa upesi, nami ninywe."

"Kwani hujapewa chai?"

"Nitapewa ukimaliza."

"Kwa nini nikimaliza?"

Wilhelmina alilichovya taulo. "Kwa sababu kikombe unacho wewe."

Evelina aligeuza macho. Ukutani, nyuma ya shangazi, lilikuwepo kabati la kioo, na ndani ya kabati vikombe vya maua vimepangwa safu juu ya safu. Alikitazama alichoshika. Akakielewa.

Shenaz naye alikuwa amekiona, akaanza kucheka. "Amekupa kikombe cha Mamina! Una bahati wewe. Hicho nilipokuwa mdogo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilikuwa nakionea wivu, acha tu. Siku moja nilikichukua nikanywea maji, mama mkubwa mmoja aliyekuja kututembelea akanizaba kofi. Nililia mpaka jioni. Nikasema, kwa nini Mamina ana kikombe chake na mimi sina?"

Alisema hayo kwa furaha tupu, kama mtu anayesimulia sikukuu. Ndipo Evelina alipojua kwamba Shenaz hakuwa anajifanya. Alikuwa amekaa na kikombe kile utoto wake wote na hajawahi kukiona.

"Ulikatazwa kwa nini?" Evelina aliuliza. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake imetoka.

"Si nimekwambia? Kwa sababu ni cha Mamina."

"Mbona mimi nimepewa?"

Shenaz akamtazama Evelina, akamtazama Wilhelmina, kisha akamtazama shangazi yake aliyeshika kikombe cha maua. Shangazi akasogeza miwani.

"Ni kikombe tu," shangazi alisema. "Kila nyumba ina utaratibu wake. Tangu enzi za bibi yake ni hivyo. Hakuna aliyemwonea mtu."

Shenaz alisema naye maneno kwa Kihindi, ya haraka. Shangazi akajibu kwa neno moja, akachukua sinia, akatoka.

"Mamina," Shenaz aliita. Sauti ilikuwa imepungua. "Mimi nilidhani unakipenda."

"Nakipenda. Lala vizuri, maji yanapoa."

"Mamina, sikujua."

"Nimesema lala."

Shenaz hakulala. Alijiinua kwa kiwiko, jasho la mvuke likimtiririka, akamnyooshea Evelina mkono. "Nipe. Nipe hicho, ninywee mimi. Kuanzia leo nanywea hicho."

Evelina akakivuta kikombe kifuani, juu ya tumbo lake. Hakukipanga kitendo hicho. Chai ikamwagika kwenye gauni.

"Hiki hapana," alisema.

"Dada, nataka nijue kilivyo."

"Huwezi kujua. Ukinywea wewe kinakuwa kikombe tu." Sasa maneno yalikuja yenyewe, si kwa sauti kubwa. "Umepata mikono yake. Umepata nyimbo zake. Huo aliokuwa anaimba mimi ndiyo kwanza nausikia leo. Umepata kila usiku uliougua. Mimi nilipata magauni yako. Sasa nimepata hiki, na hiki nacho unakitaka."

Shenaz alianza kulia, bila kelele. Evelina aliona machozi yale, na badala ya kulainika akaona wivu mwingine unapanda juu ya ule wa kwanza, kwa sababu Wilhelmina aliyafuta kwa upande wa kiganja, upesi, kama aliyefanya hivyo mara elfu. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Mama," Evelina akasema, "twende nyumbani."

Hakuwahi kumwomba hivyo. Hata Usagara, kila mwisho wa mwezi, mama alipojifunga khanga ya safari, Evelina alisimama mlangoni akamwambia safari njema.

Wilhelmina alimtazama binti yake. Kisha akachovya taulo.

"Ngoja nimalize mgongo. Mgongo hauachwi nusu."

Evelina akatoka, akakaa kwenye ngazi. Kupitia mlango alisikia maji yanakamuliwa, kimya, kisha yanakamuliwa tena. Kila alipodhani mgongo umekwisha, yalikamuliwa tena. Alipokaribia kushuka peke yake, mlango ukafunguka, mama akatoka na mfuko wake, mikono bado imelowa.

Walikwenda mpaka ufukweni, kwenye mawe, wakakaa Evelina apumzike. Ziwa lilikuwa na magugu maji, ndege weupe wakitembea juu yake.

"Kwa nini ulikubali?" Evelina aliuliza.

"Nilikubali nini?"

"Kikombe, mama."

Wilhelmina alijifuta mikono kwa khanga, kidole kimoja kimoja. "Unataka nikwambie kiliniumiza. Haya, siku nyingine kiliniumiza. Siku nyingine ilikuwa chai tu, tena ina maziwa mengi. Utaniuliza siku zipi zilikuwa nyingi, sijui. Yule amekaa nami miaka yote hiyo asijue. Na wewe umekaa nacho dakika kumi, unadhani umejua."

Evelina akauliza lile hasa alilotaka. "Ulikuwa unanikumbuka?"

"Kila gauni lake nilipindia upindo mrefu kwa ndani. Akikua nafumua, likufae wewe. Nikimpima yeye, nakupima wewe."

Mama alilisema hilo kama zawadi, na Evelina alijua kuwa ni zawadi. Lakini alilipokea likamchoma. Kumbe hata kukumbukwa kwenyewe kulipitia mwilini mwa Shenaz.

"Hutarudi kule?"

"Mwenzako ana kidonda, Evelina."

"Nimeuliza, hutarudi?"

"Siku zako zikiisha, nitamwangalia."

Evelina alijifungua mtoto wa kike wiki iliyofuata, kwa uchungu wa usiku mzima. Waliporudi nyumbani Odeta alichemsha sufuria kubwa ya maji, akatia majani ya mwarobaini, akaileta mpaka mlangoni. Wilhelmina akafunga mlango. Evelina alilala kifudifudi kwenye mkeka, mto chini ya kifua, na mama yake akamwinamia.

Taulo la kwanza liliunguza. Hakusema uuwi. Alifumba macho akaisikiliza mikono: inaanzia mabegani, inashuka, inasimama kiunoni, inakandamiza. Alikuwa ameihesabu ile ya Shenaz kwa macho, na sasa aliihesabu hii kwa ngozi. Je, kwake inakandamiza zaidi? Inakaa zaidi? Aliona kama inakaa sawasawa, na usawa huo haukumtosha.

Simu ya mama ikaita juu ya kiti. Wilhelmina akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ya Shenaz ikajaa chumba.

"Mamina, pole kwa usumbufu. Hongera ya mjukuu. Mamina, yule mtu wa shangazi hawezi. Ananipaka maji kama ananipaka mafuta. Kiuno kinaniuma siwezi kumnyanyua mtoto. Niambie tu, anaanzia wapi? Nimwekee simu sikioni akusikie."

Wilhelmina akaacha mikono juu ya kiuno cha binti yake. Ilitulia pale, mizito, ya moto, lakini haikuwepo tena. Evelina aliihisi inavyoondoka bila kunyanyuka.

"Anzia mabegani," Wilhelmina alianza. "Mwambie asiogope—"

"Zima, mama."

"Nimwelekeze kidogo tu."

"Zima."

Shenaz alikuwa amesikia. Kisha sauti yake ikaja, ndogo, "Evelina, dada, nakue—" ikakatika hapo. Huenda aliikata yeye mwenyewe, kabla hajalimaliza lile neno.

Wilhelmina alibaki amepiga magoti, anakitazama kioo cha simu kikizimika. Mtoto aliguna kwenye khanga zake, akatulia. Evelina alijua kwamba kule ghorofani mtu anaumwa kiuno, na kwamba maneno mawili matatu tu yangemsaidia, wala yasingempunguzia yeye kitu. Alijua pia kwamba kesho au keshokutwa mama atapiga simu hiyo akiwa chooni, au nyuma ya nyumba. Alijua yote hayo. Akavuta pumzi.

"Mama, bado kuna baridi," alisema. "Hapo chini ya kiuno. Nasikia baridi."

Hakukuwa na baridi yoyote. Wilhelmina akachovya taulo, akalikamua, akaegemea kwa uzito wake wote.